Mtungi Uliozidi Lango

Sokoni walimwita Bei Moja, kwa sababu hicho ndicho kitu ambacho hajawahi kuwa nacho. Asubuhi ndoo ina bei yake, mchana ina nyingine, na mteja akigeuza mgongo inapatikana ya tatu. Aliuza ndoo za plastiki, mabeseni na madumu. Akikitazama kitu mara moja tu, alijua kitatoka au kitamgandia dukani. Ndiyo maana kwa miaka tisa hakumwelewa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, aliyekuwa akifinyanga nyuma ya duka lake mtungi ambao hakuna mtu aliyeuagiza.

Huyo walimwita Mama Vigae. Walianza kwa dhihaka, yeye akaitika, dhihaka ikakosa ladha, jina likabaki. Tangu usichana alikuwa mfinyanzi wa vyungu vya kawaida. Siku moja, angali anajifunza kazi, aliona katika ua wa watu mtungi mkongwe, mrefu kuliko mtu mzima, ukipigwa kofi unavuma. Akamuuliza fundi wake nani aliutengeneza. Fundi akamjibu, "Mikono ile haizaliwi tena." Neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alipofika miaka arobaini na sita akaona halimezeki, akaomba pembe ya uwanja wa shemeji yake, akaanza.

Kazi ya mtungi mkubwa haina haraka. Alisokota udongo kama kamba nene, akaupandisha duara juu ya duara, kimo cha kiganja kimoja kwa siku, kwa kuwa ukizidisha, wa chini unalegea na wote unakaa kitako. Kisha aliufunika matambara mabichi miezi mitatu, ukauke polepole. Na kwa kuwa mtungi mbichi wa kimo kile haunyanyuliki, hakuupeleka kwenye tanuu. Tanuu ndilo lililoufuata. Alilijenga kuuzunguka pale pale, tofali kwa tofali, akachoma, akangoja siku tatu upoe, akalibomoa. Mwaka mmoja, mtungi mmoja.

Na kila mwaka mtungi ulitoka na ufa. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, ukajibu "ko," sauti ya kitu kilichokufa. Hapo alichukua nyundo, akauvunja mwenyewe, akavitwanga vigae mpaka vikawa unga, unga akauchanganya kwenye udongo mpya ili ustahimili moto.

"Mfinyanzi hulia gaeni," Bei Moja alimtania. "Lakini wewe, shemeji, gae lenyewe unalitwanga."

"Ndivyo ninavyolila. Wa mwaka huu una wa mwaka jana tumboni."

Mwaka wa pili alifiwa na mumewe. Aliporudi kutoka makaburini alikuta udongo umekauka kwenye beseni, akaumwagia maji. Mwaka wa nne mvua ilimwingilia tanuuni. Mwaka wa sita aliteleza akavunjika mkono, akasukuma udongo kwa kiwiko. Na vile vyungu vidogo vilivyomlisha vilikosa wateja mwaka hadi mwaka, kwa sababu watu walihamia kwenye ndoo za plastiki. Ndoo za nani? Za shemeji yake. Yeye mwenyewe alinunua moja, ya kutekea maji ya udongo, na akaomba apunguziwe.

Huo mwaka wa tano nimeuruka, na Bei Moja angependa ubaki umerukwa. Mtungi ulikuwa umechomwa vizuri, siku ya pili ya kupoa, uwanja hauna mtu. Udadisi ukamshika. Alichomoa tofali moja, achungulie tu. Upepo baridi ukapita begani mwake ukaingia ndani, na ndani kukalia "ta!" kama ukuni uliovunjwa gotini. Alilirudisha tofali, akaenda dukani kuuza mabeseni. Mtungi ulipotoka na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni, mama wa watu aliutazama kwa muda mrefu.

"Pole, shemeji," Bei Moja alisema. "Labda kuni zilikuwa mbichi."

"Labda," akajibu, akainua nyundo.

Mwaka wa tisa biashara ya ndoo ilikuwa imenenepa, ikahitaji ghala. Bei Moja alimwendea shemeji yake akiwa amejiandaa kwa mabishano ya siku nzima.

"Huu ndio wa mwisho. Jumatatu fundi ujenzi anaanza msingi. Utoke mzima, utoke vigae, uwanja nautaka mtupu."

"Mtupu," akakubali.

Basi. Hakuomba hata wiki moja. Bei Moja aliondoka ameingiwa na wasiwasi, maana mtu asiyebishana bei ama hana haja ama ana lake jambo. Na haja Mama Vigae alikuwa nayo: aliishi chumba kimoja kisicho na ua, na hakuna mwenye nyumba atakayempa mjane wa miaka hamsini na tano mahali pa kuwasha moto. Mtungi huu ukipasuka, hakutakuwa na udongo wa kuchanganyia unga wake.

Jumatatu asubuhi walikuwa wanne uwanjani: yeye, Bei Moja, mkewe, na fundi ujenzi, jitu refu la miraba minne, koleo begani. Mama Vigae alianza kubomoa tanuu kutoka juu. Ukaonekana mdomo. Yakaonekana mabega. Alitoa matofali bila pupa, kama mtu anayemvua mgonjwa shati. Tumbo likajitokeza, jekundu, upande mmoja umelambwa na moshi mweusi hadi chini. Fundi ujenzi alisogea, na utosi wake ukaishia chini ya mdomo wa mtungi.

Mama Vigae aliuzunguka akiupapasa. Akazunguka tena. Kisha akakunja kidole, akaugonga.

Mtungi ukavuma. Sauti ilianzia chini, ikapanda, ikatoka mdomoni, na haikuondoka. Mkewe Bei Moja alijishika kifua, kwani aliisikia humo. Fundi alivua kofia bila kujua ameivua. Bei Moja, aliyekuwa na bei ya kila kitu, aliitafuta ya huu, na ulimi ukarudi mtupu. Aliyaona matambara, kiwiko, mitungi minane iliyosagwa ndani ya huu mmoja, akahisi udogo ambao hakuna mteja aliyewahi kumfanya auhisi.

Fundi ndiye aliyezinduka kwanza, akatoa futi yake, akapima.

"Mzee, lango lako lina futi tatu na nusu. Tumbo la huu ni nne na ushee."

Wote wakageuka kulitazama lango.

"Shemeji! Hukupima?"

"Nipime nini? Miaka minane sijawahi kuwa na mtungi wa kutoa. Lango ni shida ya mwenye mtungi mzima." Akainama, akaiokota nyundo. "Tulikubaliana uwanja mtupu. Neno ni neno."

"Dada, una wazimu!" mdogo wake akapiga kelele.

Nyundo ilikuwa imeshapanda. Bei Moja alijikuta katikati, mikono kaitandaza, mgongo wake kwenye mtungi, na mtungi bado una joto.

"Ngoja! Fundi, jenga kuuzunguka."

"Kuuzunguka vipi?"

"Kama yeye alivyojenga tanuu. Uache humo humo ndani ya ghala."

"Na siku ya kuutoa?"

"Hautoki."

Mama Vigae alishusha nyundo taratibu. "Sawa. Unakaa kwako. Na mimi?"

"Wewe vipi?"

"Nataka pembe ile yenye mwanga iachwe wazi, bila paa. Na bomba la maji."

Hapo damu ya biashara ikamrudia Bei Moja. "Shemeji, ghala ni la ndoo. Nitakupa nusu ya pembe."

"Nzima."

"Nusu, na wakati wa kiangazi tu."

"Tofali la mwaka wa tano, shemeji," akasema kwa upole.

Bei Moja akamtupia mkewe jicho.

"Tofali gani?" mkewe akauliza.

"Pembe nzima," Bei Moja akasema haraka. "Na bomba."

Mama Vigae alienda kupima pembe yake kwa hatua. Bei Moja alibaki pale akifanya hesabu isiyotoka. Miaka minne! Kuwa na kitu kama hicho mkononi, kukaa nacho katika shida zote zile, usikitoe mpaka siku bei yake ilipofika. Sokoni kote hapakuwa na mfanyabiashara wa kifua hicho. Na lango je, alilopita kila siku na udongo kichwani, kweli hakulipima? Hakuuliza. Aliogopa jibu.

Alikunja kidole, akaugonga mtungi.

"Mzee," fundi akamwita, "tuanzie wapi kuchimba?"

Bei Moja aliinua mkono kumwambia asubiri, mpaka sauti iishe. Fundi akaegemea koleo. Walisubiri sana.