Saksofoni Ndani ya Kabati

Mkutano wa familia ulifanyika sebuleni, siku tatu baada ya Mama kurudi kutoka hospitali akiwa amepooza upande wa kushoto. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Nilikuwa nimeshapata chumba Lubumbashi, na mwanamke mmoja mwenye karakana ya ushonaji alikuwa akinisubiri nianze kazi Jumatatu. Sanduku langu lilisimama nyuma ya mlango, limefungwa kwa kamba, na kila aliyeingia kumpa Mama pole alilizunguka bila kuuliza lolote.

Kaka yetu mkubwa, ambaye sote tunamwita Yaya, alisema kwa niaba ya wote.

"Siye bote tuko na bwana, na bibi, na batoto. Weye hauna. Njo weye utabakia na Mama."

Hakuna aliyeniuliza. Nami sikukataa. Nilijibu, "Sawa, Yaya," nikaenda jikoni kusonga bukari, ugali wetu, ya watu tisa. Kesho yake wote waliondoka. Nikafungua sanduku, nikarudisha nguo zangu mahali pake.

Nyumba yetu ni ya matofali, sebule na vyumba viwili, katika mtaa uliojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba. Baba alifia humo. Kitanda cha Mama tulikiweka sebuleni ili apate hewa, na cherehani yangu ikawa barazani, hatua tano kutoka kwenye mto wake. Akikohoa nasikia. Nikinyamaza kidogo, naye anasikia, ananiita. Asubuhi namwosha, namgeuza asiote vidonda, namlisha uji, nafua mashuka, nashona. Mchana namgeuza tena. Mahali pa mbali zaidi nilipofika ni sokoni, na huko nako nilitembea kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Sikulia sana. Nilichoka tu kwa namna ambayo usingizi haukuiondoa.

Mwaka huo parokia iliniagiza kanzu mpya za kwaya. Jumamosi ya kuzipeleka, jirani yetu, mjane anayeuza makala, yaani mkaa, alikubali kukaa na Mama kwa saa moja. Kule parokiani nilimkuta mzee mmoja kwenye ghala akiondoa mchwa kabatini. Ujana wake wote alipiga muziki katika fanfari, ile bendi ya tarumbeta iliyokuwa ikitangulia maandamano ya sikukuu. Sasa alitaka kuifufua. Sakafuni kulikuwa na tarumbeta mbili zilizoota kutu ya kijani, ngoma iliyochanika, na chombo kimoja kilichopinda kama shingo ya bata.

"Papa, ile ni nini?"

"Saksofoni, Mama. Iko mugonjwa. Ngozi zake zote zimekufa." Akakigeuza nione. Chini ya kila kifuniko palikuwa na kipande cha duara cha ngozi, na karibu vyote panya walikuwa wamevila. "Iko mutu ku Lubumbashi anatengenezaka, lakini anaomba feza ya kumaliza parokia."

Nilikiangalia kwa muda. Yeye aliona chombo kilichokufa, mimi niliona kazi ya mshonaji. Ngozi ya kukata, sufu ya kuweka chini yake, gundi.

"Nikiitengeneza, utanifundisha?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Uko na miaka ngapi, Mama?"

"Arobaini na ine."

"Basi pumuzi bado iko."

Nilikibeba nyumbani ndani ya kikwembe, kitenge changu cha kujifunga, kama mtoto. Ilinichukua wiki mbili. Mkoba wangu wa zamani ulitoa ngozi, na kofia ya sufu ya Baba ikatoa sufu. Nilikata vipande vya duara kimoja kimoja, kwa kupima na vifuniko vyenyewe, kikubwa mpaka kidogo kama kifungo cha shati. Chemchemi mbili zilizovunjika nilizibadilisha kwa sindano za kushonea, nikizikata kwa koleo. Pale shingo inapoingia kwenye mdomo wa chombo palitakiwa kitu laini cha kukaza, nikazungusha ukanda mwembamba niliouchonga kwenye kandambili iliyokatika. Mwisho nilifunga madirisha ya chumba changu, nikatumbukiza taa ya simu ndani ya bomba, nikatafuta mahali mwanga unapovuja. Ulipovuja, nilibandua, nikaanza tena. Mama aliuliza kutoka sebuleni nashona nini kisicho na sauti ya cherehani. Nilimwambia ni kazi ya parokia.

Masomo yalikuwa Jumamosi, ile saa moja ya jirani. Mzee alinikalisha kwenye benchi, akanifundisha kwanza kupumua kutoka tumboni, ndipo akanipa chombo. Mdomoni mwa saksofoni hufungwa kipande chembamba cha mwanzi. Ndicho kinachotetemeka na kutoa sauti. Tulikuwa nacho kimoja tu, chenye ufa pembeni. Mzee alikisugua kwenye sakafu laini ya saruji, akakilowesha kwa mate, akasema, "Piga."

Nilipuliza mpaka masikio yakaziba. Ilitoka hewa tupu. Nikapuliza tena, na safari hii ikatoka sauti nene, mbaya, iliyojaza ghala lote. Midomo iliwasha. Kifua kilitetemeka kwa ndani, mahali nisipojua kwamba pana kitu. Sikuwahi katika maisha yangu kutoa sauti kubwa kiasi hicho bila mtu kuniambia ninyamaze.

Nyumbani niliambiwa. Siku ya kwanza nilipojaribu chumbani, Mama alichukua kijiko kwa mkono wake mzima akagonga chuma cha kitanda.

"Acha! Kichwa yangu inapasuka!"

Kesho yake niliweka tambara kwenye tundu la mbele. Kijiko kikagonga. Nikajifunika blanketi, mwezi wa kumi, joto likiwa juu ya bati. Nikakaribia kuzimia, na kijiko kikagonga. Hatimaye nilivuta kiti mbele ya kabati, nikafungua milango yake, nikaingiza kichwa na saksofoni katikati ya makoti ya Baba ambayo hakuna aliyekuja kuyachukua. Nguo zilimeza sauti. Kijiko kilinyamaza.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa miezi minane, uso ukiwa ndani ya kabati na harufu ya dawa ya nondo puani. Giza lilikuwa mbele yangu, na nyuma yangu chumba, na nyuma ya chumba Mama. Ilipotokea nikaweza kupiga wimbo mmoja wa Bikira Maria tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyejua isipokuwa makoti.

Mzee aliposikia wimbo huo Jumamosi iliyofuata, alisema niko tayari. Fanfari ilikuwa imealikwa Kapolowe, kwenye sikukuu ya misheni. Watu saba, taksi-bus moja, kuondoka Jumapili asubuhi na kurudi jioni. Nilimpigia simu Yaya, anayeishi Kolwezi, nikamwomba siku moja. Tangu ule mkutano sikuwa nimemwomba kitu.

"Hakuna shida," alisema. "Nitakuya posho magaribi."

Jumamosi jioni, hiyo posho aliyoahidi, hakuja. Simu yake ilikuwa imezimwa. Asubuhi nilikwenda kwa jirani nikakuta kufuli. Alikuwa amekwenda msibani Kakanda. Nilirudi, nikamwosha Mama, nikamlisha, nikamwekea kikombe cha maji upande wa mkono mzima. Nilikuwa nimeshavaa blauzi nyeupe ya fanfari.

"Ninaenda ku misa, Mama."

"Enda."

Nilifunga mlango kwa nje. Sikumwambia ni misa ya wapi. Nilitembea haraka hadi parokiani bila kugeuka, na gari lilipoanza kuondoka nilikuwa ndani, saksofoni mapajani.

Wanaume waliimba. Tulipita viwanda, tukapita wauza makala waliopanga magunia yao kando ya barabara, mji ukaisha. Dirisha lilikuwa wazi na vumbi liliingia, sikujali. Niliangalia vilima vikisogea nyuma, na kwa mara ya kwanza katika miaka karibu minne sikumfikiria Mama. Labda robo saa nzima. Nilifurahi sana. Halafu nikajua kwamba nimefurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Nilishika fundo la kikwembe changu. Ufunguo ulikuwa humo.

"Simamisha," nilimwambia dereva.

Mzee aligeuka. "Mama, leo njo siku yako."

"Papa, nilifunga mulango. Mama yangu iko ndani, peke yake."

Mzee alinitazama, akafungua mlango mwenyewe. "Shuka mbio," alisema.

Nilisimama kando ya barabara na chombo shingoni, hadi pikipiki moja ikanionea huruma. Njiani kurudi nililia kwa hasira, na sikujua namkasirikia nani. Yaya, ndiyo. Mama, kwa kuwa hai. Mimi mwenyewe, zaidi.

Nilipofungua mlango nilimkuta sakafuni, nusu ya njia kati ya kitanda na mlango. Kikombe kilikuwa kimeviringika chini ya cherehani ambayo huiingiza ndani nikitoka. Alikuwa amelowa. Macho yalikuwa wazi. Nilimwinua, nikambadilisha nguo, nikamlaza. Hakuvunjika mahali, ila kiwiko kilichunika. Nilipomaliza kumfunika shuka, ndipo aliposema.

"Juu ya nini ulirudia?"

Kwa nini nimerudi? Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama?"

"Nilisikia ufunguo. Nilisema, basi, ameenda. Juu ya nini ulirudia?"

"Ningekuacha namna gani?"

"Vile ulifanya. Unafunga, unaenda."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. "Na weye, juu ya nini ulishuka ku kitanda?"

Alifikiri. "Nilitaka kuona kama mulango umefungwa kweli."

Nje watoto walikuwa wanapita wakitoka kanisani.

"Minye nimefungwa mu hii mwili," alisema. "Kila siku niko hapa, na ile kitu yako inalia mu kabati kama mutu banazika akiwa muzima, na siwezi kutoka. Weye uko na miguu mbili. Weye nani alikufunga?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu: ninyi. Lakini niliikumbuka sauti yangu siku ile ya mkutano, nyepesi, yenye adabu, nikisema sawa. Nilikwenda barazani, nikakaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona, hadi jua likahama.

Alasiri Yaya hatimaye alipokea simu yangu. Alianza kueleza habari za gari bovu. Nilimkatiza, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mkubwa wangu.

"Yaya, leo Mama alianguka. Juu yangu na juu yako. Kila mwezi utakuya siku moja. Kama haukuye, nitamupakiza Mama mu taksi, nimulete kwako Kolwezi na mashuka yake."

Alisema nimebadilika. Nilisema ndiyo.

Alikuja mwezi uliofuata, na uliofuata. Halafu akapotea miezi miwili, akaja tena. Ndivyo ilivyo hadi sasa. Sikumpeleka Mama Kolwezi, na yeye anajua sitampeleka. Lakini zile Jumapili anazokuja natoka asubuhi, nazunguka mji kwa miguu bila kazi yoyote, nanunua karanga, nakaa mahali ambapo hakuna anayeniita.

Kuhusu saksofoni, siku chache baada ya kuanguka kwake Mama aliniita nikiwa chumbani.

"Toka mule mu kabati. Kuya upige hapa."

Nilisimama miguuni mwa kitanda chake nikapiga ule wimbo. Ulipoisha nilimwangalia. Sitadanganya, hakuupenda. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayemeza dawa.

"Pa katikati unakimbia," alisema. "Banaimbaka polepole pale."

Alikuwa sahihi. Basi tukapatana, saa nane hadi saa tisa mchana, na baada ya hapo kimya hadi kesho. Anageukia ukutani ninapopiga. Nikikosea, kidole chake kinainuka juu ya shuka, na mimi narudia.

Fanfari imeshacheza harusi tatu na maziko mawili bila mimi. Mzee alimleta mwalimu mmoja wa shule ya msingi mwenye saksofoni yake mwenyewe, inayong'aa, ya dukani. Hakunificha. Alikuja nyumbani, akavua kofia, akasema, "Mama, kazi haiwezi kukungojea," nami nilimwambia naelewa, na nilielewa, na usiku huo sikula. Ni mimi ninayewashonea mashati. Mwezi uliopita waliagiza mengine ya bluu, mikono mifupi, utepe mweupe begani. Niliyashona saba waliyoyataka, na kwenye kitambaa kilichobaki nikakata la nane, la kipimo changu.

Mama aliliona nikilipiga pasi.

"Na ile ni ya nani?"

"Yangu."

Aliniomba nilivae aone. Nikalivaa, nikazunguka mbele ya kitanda. Alinyoosha mkono wake mzima, akashika mshono wa ubavuni, akavuta.

"Umekonda," alisema. "Punguza hapa."

Nilivua shati, nikakaa barazani, nikaanza kufumua ubavu.