Bastola ya Pargeter na Jina la Gachanja

Ukimwona Njoroge wa Aston, huko Birmingham, Uingereza, kwenye basi asubuhi, koti limefungwa hadi kidevuni, ungesema huyu hata kuku hajawahi kumchinja. Na hungekosea sana. Kazi yake ilikuwa kupima. Miaka minane alikuwa ameshika maikromita katika kiwanda cha magari cha Longbridge, na kipande kikizidi hata unene wa unywele alikitupa pembeni, msimamizi apende asipende. Nyumbani alikuwa na mkewe Milka, muuguzi, na wavulana wawili, Ndirangu na Mwaniki, ambao ukiwasemesha Kiswahili walikujibu kwa Kiingereza cha Birmingham bila haya. Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, bastola anaitakia nini?

Mlaumu Kewal Singh. Kewal alizaliwa Nakuru, fundi wa kusubu vyuma, yaani kuviyeyusha na kuvimimina kwenye kalibu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha gereji, cha kutania na kutukana kidogo. Jumamosi moja alimpeleka Njoroge kwenye klabu ya kulenga shabaha, chini ya jengo kuukuu hapo hapo Aston, akamtilia kiganjani risasi sita alizozisubu mwenyewe.

"Shika, bwana. Haziumi."

Njoroge aligeuka kutazama mlango. Lo! Mtu mweusi ashike risasi mchana kweupe, mbele ya Wazungu, na asiwepo wa kupiga filimbi! Kwao Nyeri, nchini Kenya, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka Mau Mau, risasi moja ilikuwa kitanzi. Na hilo hakusimuliwa na mtu. Kaka yake mkubwa, Gachanja, alinyongwa mwaka wa 1954 kwa risasi moja iliyotoka mfukoni mwa koti lake.

Njoroge alikuwa na miaka kumi, amesimama mlangoni. Afisa mmoja kijana, Mzungu, alitia mkono katika koti lililoning'inia kwenye msumari, akautoa, na kati ya vidole vyake pakang'aa kitu. "Hii nini?" alipaza sauti. "Hii nini?" Gachanja aliapa kwamba haijui. Aliapa pale nyumbani, akaapa kortini, akaapa hadi siku ya mwisho. Nyumba ikachomwa. Mama yao akapelekwa kambini, akarudi na kikohozi kilichomwua kabla ya mvua.

Baba yao alimwuliza mtu mmoja tu, yule aliyekuwa mlangoni. "Ilitoka wapi?"

"Mfukoni, baba. Niliona kwa macho yangu."

Basi ikawa imekwisha. Gachanja alikuwa mwongo, ameleta kifo nyumbani na kukikana mbele ya mama yake. Jina lake halikutajwa tena.

Sasa mwaka ulikuwa 1973 na Milka alikuwa na mimba ya tatu. Kwa Wakikuyu majina ya watoto hayachaguliwi kama soksi dukani. Mvulana wa kwanza ni wa babu mzaa baba, wa pili wa babu mzaa mama, na wa tatu ni wa kaka mkubwa wa baba. Akija mvulana, ni Gachanja. Lakini mzee alikuwa ameshaandika barua, mistari mitatu tu: mruke huyo, mwite mtoto Githinji, yule anayemfuata, sitaki mwongo azaliwe tena kwangu. Milka aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Baba Ndirangu, kumruka mtu ni kumwua," alisema.

"Mzee amesema."

"Na wewe unasemaje?"

Njoroge aliichukua barua, akaitia kwenye droo. Angesema nini, naye ndiye shahidi?

Turudi kwenye bastola. Baada ya ile siku ya risasi sita, Njoroge alirudi klabuni wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, kwa ukaidi wa mtu anayetaka kuushinda woga wake. Akajifunza kusubu risasi jikoni kwa Kewal, madirisha wazi, wakiyeyusha vile vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu. Akaomba kibali cha kumiliki bastola yake. Sajenti wa polisi akaja nyumbani kukagua kabati la chuma, akanywa chai, akala mandazi mawili, akashukuru na kuondoka. Milka alikuwa amejifungia bafuni muda wote huo. Alipotoka alishika kichwa. "Polisi amekuja kwetu kwa ajili ya bunduki, na ametuachia karatasi? Ngai! Hii ni nchi gani?"

Kibali kikaja, cha bastola moja ya silinda. Moja tu.

"Usiichague kwa macho kama mchumba," Kewal alimwonya. "Risasi ya kusubu ni laini. Vyumba vya silinda vikiwa vyembamba kuliko mtutu, vitaikamua risasi, ifike mtutuni imekonda. Moto utapita kandokando, na madini yatagandia ndani kama ukoko wa ugali. Utasugua hadi Krismasi. Tafuta silinda inayozidi mtutu kidogo, kidogo tu. Pima!"

Kupima! Hapo Njoroge alikuwa kwake. Kwenye mtaa wa mafundi bunduki, katikati ya mji, alionyeshwa bastola ya Kimarekani inayong'aa hadi unajiona meno. Aliomba ruhusa, akapitisha kipande cha madini laini mtutuni, akakigonga taratibu hadi kikatoka upande wa pili kimebeba alama za mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Akakipima. Akapima vyumba vya silinda kimoja kimoja. Vyembamba. Akairudisha. Ya pili ilikuwa na chumba kimoja kipana na vitano vyembamba, naye akauliza kama aliyeitengeneza alikuwa amelewa. Muuzaji hakucheka.

Ndipo klabuni wakamwambia kuhusu Pargeter. Huyu alikuwa mwanachama mkongwe, mashavu mekundu, macho yameanza kumwacha, mzee mchangamfu wa kukununulia bia kabla hujakaa. Alikuwa anaiuza bastola yake ya zamani, iliyotengenezwa hapo hapo mjini. Jumamosi moja ya Machi, saa tano asubuhi, aliileta kwenye meza ya klabu, imeviringishwa kwa kitambaa cha flana. Haikuwa na urembo wowote.

Njoroge alianza kupima. Mtutu. Chumba cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Alipofika cha sita alimtazama Kewal kama mtu aliyeokota mkufu wa dhahabu njiani.

"Vyote," alisema kwa Kiswahili. "Vyote sita vimezidi mtutu kwa unywele, wala havipishani. Singh, hii ndiyo yenyewe."

"Chukua basi, unangoja mahari?"

Pargeter alikodoa macho. "Kiswahili! Wewe toka Kenya?" Akapiga meza kwa furaha. "Jambo, jambo sana! Mimi kaa Nyeri miaka mine! Hii bunduki kaa na mimi huko!" Kisha akahamia Kiingereza, maana akiba yake ya maneno ilikuwa imekwisha.

Nyeri! Ndiko kwao Njoroge. Bado alijilazimisha. Kenya ni kubwa, alijiambia, na waliopita Nyeri ni wengi.

"Iliua watu?" aliuliza.

"Hii? Ni kama haikufyatuliwa kamwe." Pargeter alicheka kwa wema kabisa, kama babu. "Kazi haikufanywa na bastola, rafiki yangu. Kuna mtu unajua ni mbaya, lakini ushahidi huna. Basi ulikuwa unatembea na risasi moja mfukoni. Ngoja nikuonyeshe."

Akaokota risasi moja kutoka mfuko wa Kewal uliokuwa mezani, akaificha kiganjani, akainamia koti la Njoroge. Mkono uliingia mfukoni umefumbwa. Ukatoka, vidole viwili vimeinua ile risasi hadi kwenye mwanga wa taa.

"Hii nini?" alipaza sauti. "Hii nini?"

Akacheka hadi akakohoa.

Salale! Dunia ilisimama pale. Njoroge hakuona klabu wala Birmingham, aliona msumari ukutani na koti. Sauti haikuwa ile, au labda ilikuwa ile, miaka kumi na tisa ni mingi. Alitaka kuuliza kijiji, mwaka, jina. Likatoka swali moja tu.

"Ulifanya mara ngapi?"

"Ah, nani alikuwa anahesabu? Sikuwa peke yangu. Vijana wote walikuwa nayo hiyo risasi ya mfukoni."

Kewal hakuwa anatabasamu tena. Polepole aliuvuta mkono wake juu ya meza, akaufunika ule mfuko wa risasi, na akaubakiza hapo. Njoroge aliuona mkono huo, akaelewa Kewal anaogopa nini. Akaitazama bastola iliyokuwa kiganjani mwake, nzuri, iliyopimika kuliko zote alizowahi kupima. Akafungua silinda, akailaza juu ya flana.

"Imepimika sawasawa," alimwambia Pargeter kwa Kiingereza. "Siitaki."

"Kwa nini? Kuna kasoro?"

"Risasi ya mfukoni kama hiyo ndiyo iliyomnyonga kaka yangu," Njoroge alisema, akachukua maikromita yake.

Pargeter aliirudisha risasi mezani. Alianza kusema kitu kuhusu vita, na kwamba yalikuwa mambo ya zamani. Kewal akamwambia anyamaze, na hakumwambia kwa adabu.

Milka alikuwa anakunja nepi aliponyanyua macho na kumwona mlangoni. Alidhani mtu amekufa. Njoroge alimsimulia akiwa amesimama, koti bado mwilini, na alipofika kwenye ule mkono aliutia wake mfukoni, akautoa, akautia, akautoa, hadi Milka akamshika kifundo cha mkono.

"Ngai wangu," Milka alisema. "Basi alikuwa anasema kweli."

"Kila siku alisema kweli. Akaapa kwa mama, na mama akafa akimwona mwongo." Akalivua koti, akalitupa sakafuni. "Wazungu walimnyonga mara moja, Milka. Mimi nimemnyonga miaka kumi na tisa."

Milka hakumbembeleza. Aliondoa nepi mezani, akaweka karatasi na kalamu, akavuta kiti. Mtoto aligeuka tumboni, naye Milka akaweka mkono pale na kungoja.

Njoroge, ambaye maisha yake yote alikuwa ameishi kwa vipimo, aliandika polepole kama mtu anayejifunza herufi. "Baba, akizaliwa mvulana ataitwa Gachanja. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Siku ile uliniuliza ilitoka wapi, nikakwambia niliona. Nilichokiona ni mkono ukitoka na risasi. Nilikuwa namtazama kaka usoni, baba. Mkono ulipoingia sikuutazama."