Halabalu ya Kuolewa

Neno halabalu nililisikia kwanza Riyadh, katika ofisi ya Olaya nilikokuwa mkalimani. Meneja wetu Mwingereza aliita hivyo makelele ya kila namna. Printa ikikwama watu wakagombana, halabalu. Wafanyakazi wakidai likizo ya Idi, halabalu. Nikawa nalitafutia mwenzake kwetu, sipati. Zogo ni la wanaobishana. Rabsha ina ngumi ndani yake. Patashika haiwi mpaka watu wakimbie. Kizaazaa kinamtaka mtu asiyejua aanzie wapi. Yeye alizitia zote kapu moja, akafunga.

Nilipohamia Jeddah, nililikuta limenitangulia. Wakala wa jengo letu la Al-Baghdadiyah alipenda kuchanganya Kiarabu na Kiingereza. "Halabalu mafi!" alituonya. Hataki kelele. Tulikuwa wanawake wanne wa Unguja: manesi wawili, mwalimu na mimi. Kosa letu la kwanza lilikuwa kicheko, la pili kinu. La tatu, alisema, halas, basi tena, mtahama.

Ndipo nesi mmoja akaposwa, na likizo yake bado iko mbali. Wazee wakakata shauri: ndoa ifungwe nyumbani kwao Unguja, Ijumaa baada ya alasiri, wanaume barazani, wanawake ndani, na sisi tusikilize kwa simu. Kwetu sheikh akishamaliza, wanawake hupiga vigelegele. Bila hivyo ni kama hapakuwa na jambo.

"Mtapiga?" bi harusi alituuliza.

"Halafu tukalale wapi?" mwalimu akamjibu. "Tutakupigia moyoni."

"Moyoni! Kwani mimi naolewa na jini?"

Siku ile hakutulia. Alipakwa hina, akainuka haijakauka, akafunga dirisha, akalifungua. Nami nilitandika busati, nikaliondoa, nikalitandika tena. Mwisho tulikubaliana kila mtu aume mto.

Sauti ya sheikh ilikatika, ikarudi. Tukamsikia baba mtu akiozesha, kisha bwana harusi, kwa sauti ya mtu mwenye kiu: "Nimekubali kumuoa."

Kule vigelegele vikalipuka. Huku kimya, sisi watatu na mito mdomoni, macho yametutoka. Bi harusi, ambaye kwa ada huinamisha uso asipige hata chafya, alitutazama mmoja mmoja. Kisha akajipigia mwenyewe. Kigelegele chembamba, kirefu, kilichotoka dirishani kikashuka mpaka barabarani.

Kule simuni wakanyamaza ghafla.

"Nani huyo?" shangazi yake akauliza. "Isiwe mwenyewe!"

"Ndiye!" nikapiga kelele.

"Toba! Bi harusi wa wapi huyo?"

Mwalimu akacheka, mto ukamwanguka, akapiga cha kwake. Baada ya hapo sijui nani alinyamaza kwanza. Mama mmoja wa ghorofa ya chini, mwenyeji wa Jeddah, alipiga vyake bila hata kujua anamshangilia nani.

Kabla ya magharibi wakala alileta ujumbe wa maneno mawili: halabalu, halas.

Tulihamia mtaa wa Al-Mahjar, katika nyumba ambayo maji hupanda kwa kusuasua. Mwalimu, ambaye shule yake ilikuwa hatua chache kutoka mlango wetu wa zamani na sasa iko mbali, alinuna wiki nzima. Bi harusi alimpikia, akamsuka, akamfulia hata mabuibui yake. Samahani hakuomba.