Shali ya Bibi wa Bondeni

Mhariri ananing'ang'ania nisimulie habari ya shali, kana kwamba maharagwe yangu yatajipika. Haya.

Nilikuwa kwa fundi cherehani, Mkongo mwenzangu, pale Malvern, mtaa wetu wa ugenini. Akaingia bibi wa Kizungu kuchukua shali ya sufu aliyoileta itiwe pindo. Fundi akajikuna kisogo: "Haionekani, bibi."

Bibi akashika meza kwa mikono miwili. "Ilifumwa kijijini kwetu, bondeni huko Wales. Kiwanda kimefungwa, vijana wamehama, wamebaki kondoo na mvua. Mama alinibeba humo nilipokuwa mchanga."

Mke wa fundi akatokeza nyuma ya pazia, mtoto mgongoni, kafungwa kwa shali.

"Fundi," nikasema, "hiyo isiyoonekana mbona mimi naiona?"

Mke akamgeukia mumewe. "Si uliniambia mteja kakupa?"

Nikangoja bibi aite polisi, ambao wakija kwa mmoja wetu hutudai sote karatasi za ukaazi. Akaipapasa shali, akacheka. "Hata sisi tulibeba watoto hivyo, ila kifuani."

Nikashusha pumzi. Fundi naye akadhani yamekwisha. Bibi akavuta kigoda, akaamuru cherehani inyamaze, akamsimulia kijiji chote tangu jiwe la kwanza la kanisa. Wateja watatu wakachoka kungoja, wakapeleka vitambaa vyao kwa fundi wa jirani.