Siku Nilipodai Fidia ya Mgongo

Haya, chekeni kwanza mmalize, maana najua nusu yake mmeshaisikia sokoni, na mimi hadi leo nikipita kichochoro chetu hapa Amu, kisiwani Lamu, kuna mtu ghorofani hukohoa kidogo dirishani, na kikohozi hicho nakijua si cha mafua. Aibu ni yangu, bora niisimulie mwenyewe kabla haijatiwa chumvi zaidi.

Kisa kilianza na mgongo ambao haukuwa na kosa lolote. Mamangu mkwe, Bi Maimuna, alitaka chumba chake cha juu kipakwe chokaa kabla ya wageni wa harusi kufika, akaniomba mimi (na kukataa nisingeweza, kwa sababu nyumba ninayolala yeye ndiye aliyempa binti yake alipoolewa, kama ilivyo desturi yetu, mimi niliingia na mkoba wa nguo tu). Basi nikashika kiuno, nikamwambia mgongo umenikamata. Masikini, akaamini. Kila jioni akaniletea chai ya tangawizi na mafuta ya karafuu, nami nikanywa na nikakandwa bila haya.

Wiki hiyo ikapita, asubuhi moja natembea kichochoroni na simu sikioni, naongea na rafiki yangu aliye Mombasa, tena kwa sauti ya mtu anayetaka kufika Mombasa bila simu, na nyuma yangu anakuja punda na magunia yake mawili. Punda hakunikanyaga, niseme ukweli, alinisukuma kwa gunia tu, lakini nikaenda chini, kiwiko kikachubuka na simu ikatumbukia mtaroni (na mtaro wetu mnaujua). Ikafa pale pale.

Ningeinuka nikaenda zangu, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini ile simu iliniuma kuliko kiwiko, nikaenda kwa Rukia, mtoto wa dada yangu, anayesomea sheria na aliyekuwa nyumbani likizoni, nikammiminia maswali: mtu akiangushwa na punda nani hulipa, na je, nikiwa sina risiti ya hospitali? Akanieleza taratibu kwamba lazima nionyeshe mwenye punda alizembea, na uzembe huo ndio ulioniumiza, na kama nami nilizembea basi fidia hupunguzwa kwa kadiri ya uzembe wangu. "Na Mjomba," akasema, "dai kilichoumia tu. Ukitia kimoja cha uwongo, na vya kweli havitaaminiwa."

Nilisikia yote isipokuwa hilo la mwisho. Kiwiko kilichochubuka hakinunui simu, nikawaza, nikaongeza mgongo na kulipeleka dai kwa mzee wa mtaa.

Mzee wa mtaa akatuita nyumbani kwake baada ya alasiri, mimi na Bakari mwenye punda, tukakaa kwenye mabaraza ya pale mlangoni na nusu ya mtaa ikajaa kusikiliza. Nilifika nimejikunja, na Bi Maimuna nyuma yangu amenibebea mto wa kuegemea. Nikatoa maelezo: Bakari hakupiga simile ya kuomba njia, angepiga ningempisha, na mgongo wangu uliokuwa mzima sasa haunyooki. "Waulizeni majirani," nikamalizia kwa madaha, "kichochoro chetu hata mtu akipiga chafya husikika."

Hapo mkwe wangu akashindwa kunyamaza, kwa huruma.

"Bwana Mzee, mwanangu huyu ni mtu wa kustahimili, hasemi maumivu yake yote. Mgongo huu una wiki wamuuma, ndimi nimkandaye. Punda amemwongezea tu."

Rukia, aliyekuja kusikiliza, akajifunika uso kwa mtandio. "Kumbe mgongo ulianza kabla ya punda," akasema mzee wa mtaa, polepole, na mimi nikaona heri turudi kwenye simile, nikamwita shahidi mimi mwenyewe, Bi Zena, ambaye dirisha lake liko juu kabisa ya pale nilipoanguka.

"Simile alipiga, mara tatu," akasema Bi Zena. "Nakumbuka kwa sababu alinikatiza. Bwana Twalibu huyu alikuwa akimwambia mwenzake kwenye simu kuwa mgongo wake ni mzima kama wa punda, ila kuna chokaa anaikimbia. Nami nilikuwa nataka nisikie ni chokaa ya nani."

"Ya Bi Maimuna," akadakia Bakari. "Ndiyo ilokuwa maguniani. Alinituma nimpelekee, akasema atatafuta fundi, mkwewe hawezi."

Rukia akaniinamia sikioni. "Mjomba, wakili mjanja angemuunganisha kwenye dai hata aliyetuma mzigo." Yaani pale nilipoketi, kwa akili yangu mwenyewe, nilikuwa hatua chache kutoka kumshtaki mkwe wangu, nimeegemea mto wake.

Nilitamani agombe. Hakugomba. Aliuchomoa ule mto mgongoni kwangu, akaukung'uta vumbi, akasema, "Inuka, mwanangu." Nikainuka. Nikainuka wima kama alifu, bila hata kukumbuka kushika kiuno, mtaa mzima ukiona.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Maimuna. "Sasa ndoo nyumbani upake chokaa."

Fidia sikupata, simu sikupata, na magunia niliyapandisha ghorofani mwenyewe huku Bakari amekaa chini na punda wake, anapiga simile kila nikipita. Nimeapa, mkwe akinituma kazi tena naifanya siku hiyo hiyo, na simu yangu mpya haitoki mfukoni njiani. Lakini hilo si lililoniuma zaidi. Kesho yake, baada ya kutwa nzima ya kuinama na kuinuka na brashi, mgongo ulinikamata kweli, ule wa kweli, hata kugeuka siwezi. Jioni Bi Maimuna akaja na chai ya tangawizi kama kawaida, akaiweka, akanitazama.

"Mgongo waonaje?"

"Mzima, mama," nikamwambia, nikaurudia ukuta huku nimeuma meno.