Nguzo Nyeupe ya Nyangoto

Akech mke wa Ouko hakujua kusema "nilikosea." Pale Nyangoto walimjua kwa mambo mawili: vyungu visivyovuja na shingo ngumu. Alikuwa Mjaluo wa Shirati, aliyeletwa huku na mume aliyefuata dhahabu, miaka ile ya mwanzo wa tisini ambapo watu walichimba kana kwamba mlima utahama kesho. Udongo aliujua, hilo hakuna wa kumbishia. Hulipulizia donge pumzi ya mdomo, akalinusa, akalikwaruza kwa ukucha, kisha akakuambia limetoka bondeni au mlimani. Na neno lake likishatoka, limetoka.

Ndiyo maana siku ya Jumatatu Machage, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, ambalo Ouko alichimba, alimpelekea jiwe jeupe. Chini kabisa ya shimo hilo walikuwa wamekuta nguzo ya jiwe la namna hiyo, imeshikilia paa, jirani na mwamba mgumu wenye dhahabu. Je, waiamini, au wakakate magogo ya kuegemeza?

Akech akalipulizia jiwe; likatoa harufu ya udongo ulioguswa na mvua. Bibi yake alimfundisha habari zake: mvua ya miaka isiyohesabika huuosha mwamba, ikabeba kila kinachobebeka, ikaacha hiki. Wasomi wa miamba hukiita gibsaiti, hidroksidi ya alumini. Bibi alikiita mfupa wa mlima. Akech akaligonga jiwe juu ya kinu, halikumeguka.

"Linashika," akasema.

Basi nguzo ikaachwa. Baruti hawakuwa nayo, kwa hiyo Jumatano walirundika kuni chini ya mwamba, wakauchoma mchana kutwa ili upasuke. Alhamisi asubuhi Ouko na mwenzake Athanas wakashuka na nyundo.

Asubuhi hiyohiyo Akech alikuwa akifukua vyungu alivyochoma jana yake. Katikati ya moto alikuwa ametia vipande vya lile jiwe, aone kama vitampa rangi nyeupe ya kunakshia. Akaokota kimoja, na mkono ukapaa juu, maana alitegemea uzito na uzito haukuwepo. Kama theluthi yake ilikuwa imeondoka. Akakiminya pembeni, kikawa unga vidoleni.

Hapo akaelewa. Jiwe lile lilikuwa limefungia maji ndani yake, si maji ya kulowa, bali maji yaliyokuwa sehemu ya jiwe lenyewe, na moto ulikuwa umeyafukuza. Na jana mchana kutwa nguzo ya Machage ilikuwa imeota moto.

Akashika kipande kibichi mkono huu, kilichoungua mkono ule, akakimbia. Neno langu ndilo lililomweka mume wangu pale, alijiambia njia nzima. Neno langu.

Kwa desturi, mwanamke hakukaribia duara. Dhahabu hukimbia, walisema, na kamba ya katani ilifungwa kuonyesha mwisho wake. Akech akairuka.

"Shemeji! Unataka kutufukuzia dhahabu?" Machage akamzuia kwa mikono miwili.

"Watoe. Nguzo haishiki."

"Jumatatu ulisema inashika."

"Nilisema. Nilikosea." Akamtilia mawe mikononi. "Pima haya mawili. Hili bichi, hili limepita motoni."

Machage akayapima viganjani, akasita. Lakini wanaume waliosimama kwenye kamba ya kushukia wakacheka, naye akacheka nao, maana mwenye duara hapendi kuonekana akiendeshwa na mwanamke. "Nenda nyumbani. Wakipanda kula tutaongea."

Hofu ikageuka hasira. Akech akavua kandambili, akawapangua wale wanaume, akaishika kamba.

"Baba Sharon! Bi malo! Panda juu, la sivyo nakufuata hukohuko!"

Akaitikisa kamba kwa nguvu. Kisha ikakazika. Ouko akapanda, na sauti yake ikamtangulia. "Mama Sharon, unaniaibisha mbele za watu kwa jambo gani hasa..."

Hakumaliza, kwa kuwa wote walikuwa wakimkodolea macho. Kichwa chake kilikuwa cheupe. Mabega, nyusi, hadi kope. Akech akampangusa paji la uso, akaweka kidole kando ya unga wa lile jiwe lililoungua, kiganjani mwa Machage. Ulikuwa uleule.

"Huo unga unatoka wapi?" Machage akauliza polepole.

"Kwenye nguzo. Tangu tuanze kupiga nyundo unamwagika tu."

Machage akajitupa kifudifudi mdomoni mwa shimo. "Athanas! Acha nyundo! Shika kamba!"

Wale waliocheka ndio waliovuta kuliko wote. Athanas akatokeza kichwa, kiuno, magoti. Wakamburuta hadi kwenye nyasi, na ardhi ikaguna chini yao. Shimo likatema vumbi jeupe, likajifukia. Athanas akaanza kucheka, kisha akatapika. Machage alikuwa bado ameshika yale mawe mawili.

Nyumbani Akech alimwosha mumewe kichwa. Maji yalitoka meupe, kisha unga ukazama chini ya beseni bila kuyeyuka. Aliutazama, akalia kwa sauti.

Ouko akangoja atulie. "Wanasema ulimwambia Machage kwamba ulikosea."

"Nilimwambia."

"Mimi nilikuwa chini, sikusikia. Hebu sema tena."

Akech akachota maji mengine, akayamimina taratibu juu ya kichwa kile.

"Nilikosea, Baba Sharon," akasema. "Inama, bado hujatakata."