Maana Ishirini na Sita za "Point"

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kifaransa aliandika "point" ubaoni, nikacheka mpaka nikatolewa nje. Usinihukumu, rafiki yangu. Kichwani nilisharudi nyumbani Mamboleo, jikoni kwa nyanya, nikiwa darasa la sita.

Enzi hizo mdomo wangu haukufungika hata kwa kufuli. Mwalimu wa shule ya msingi hakupenda kiboko. Alikuwa na kitu kibaya zaidi, kamusi nene ya Kiingereza na Kifaransa aliyoachiwa na mapadre. Ukipiga kelele anakuchagulia neno, unakariri maana zake zote katika lugha zote mbili. Mimi nikapewa "point". Nisipozikariri kufikia Ijumaa, kwaya yetu ya shule ingepanda meli kwenda Homa Bay bila mimi. Nilikuwa sijapanda meli hata siku moja! Nilikonda.

Jioni nilimkuta nyanya akichambua maharagwe.

"Sema, nyakwara," aliniambia. Ndivyo alivyotuita wajukuu wake. "Kila maana, punje moja."

Nyanya hakujua kusoma. Nikamtajia kwa Kijaluo: ncha ya sindano, alama za mtihani, kipande cha nchi kinachochomoza ziwani. Upande wa Kifaransa kulikuwa na mshono, mapambazuko, na hata "hapana".

"Wazungu wote hao," akasema, "na wanaazimana neno moja?"

Punje zikafika ishirini na sita.

Jioni ya pili nikaruka chache, nimalize haraka nikacheze.

"Ile ya mshono imeenda wapi?"

"Nyanya, hata mwalimu hajui Kifaransa. Hataona."

"Mimi sijui hata Kiingereza, na nimeona."

Ijumaa mwalimu aliifunga kamusi, akawa anahesabu kwa vidole. Nilipofika ishirini na nne, kichwa kikawa kitupu. Nikabuni: kwa Kifaransa ni kifuniko cha sufuria, tena ni mjomba.

"Safi sana," akasema mwalimu, uso umekazwa kama mtu aliyezaliwa Paris.

Meli nikapanda. Nikaimba, nikala samaki aina ya ngege wa kukaanga, na sikujuta hata kidogo.

Niliporudi nyanya akauliza, "Ulizisema zote?"

"Zote."

"Nisikie," akasema, akichota punje ishirini na sita.

Nikaanza kwa mbwembwe. Mwishoni, zile mbili zikanitoroka tena, nikachomeka kifuniko na mjomba. Nyanya akabaki na punje mbili kiganjani. Hakunigombeza. Alizitumbukiza chunguni, akasema maji yamechemka.

Tangu siku hiyo hakuniita tena nimsomee. Nikipita na daftari, alikuwa na kazi nyingi.

Likizo iliyopita nilikaa karibu naye, nikazisema zote, mshono na mapambazuko yakiwemo, bila kuiba hata moja. Masikio yake yamechoka siku hizi. Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama shuleni tunakula tukashiba.